Marehemu wa Zambarau

Marehemu walikuwa mamilioni kwa mamilioni, na hakuna hata mtu mmoja aliyewalilia. Walifia kwenye kisahani cha plastiki, wakiwa wamelala juu ya chakula chao wenyewe, na taarifa ya msiba ilifika kituo cha polisi kwa simu ya mkurugenzi wa taasisi ya utafiti. Mkuu wa kituo aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili kama amesikia vizuri kwamba waliokufa ni bakteria, kisha akafunika simu kwa kiganja na kuzungusha macho ofisini, akimtafuta mtu asiye na pa kwenda wakati wa likizo.

Ndivyo Inspekta Kobe alivyoipata kesi hii.

Jina la Kobe alipewa na wenzake, naye hakulipinga, kwa sababu kulipinga kungehitaji haraka. Katika kuhoji watu alikuwa na mbinu moja tu: anauliza swali, anapata jibu, kisha ananyamaza na kumtazama mtu kwa upole kama anayesubiri chai ipoe. Watu wengi hawawezi kuvumilia kimya. Hukijaza kwa chochote walicho nacho, na mara nyingi walicho nacho ndicho anachokitafuta. Kasoro ya mbinu hiyo ilionekana nyumbani kwake tu. Huko kimya kilikuwa tele na hapakuwa na wa kukijaza, isipokuwa redio, ambayo aliiacha ikiongea tangu asubuhi. Alikuwa bado hajafikia hatua ya kuijibu.

Taasisi ilikuwa imefungwa kwa likizo. Ukumbi mrefu wa ghorofa ya kwanza ulinuka nta ya sakafu, na milango yote ilikuwa imefungwa isipokuwa miwili ya mwisho. Katikati ya ukumbi, chini ya sanduku la huduma ya kwanza lililopigiliwa ukutani, palikuwa na benchi, na juu ya benchi mzee mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi likakata tamaa. Magotini alikuwa na mfuko wa kitambaa.

"Shikamoo," Kobe alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye polisi?"

"Ndimi. Unamsubiri nani, mzee?"

"Mke wangu. Profesa wa maabara hiyo." Mzee alionyesha mlango wa mwisho kwa kidevu. "Nilianza kumsubiri tukiwa vijana. Nimeshazoea."

Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na jengo zima lilimwita Mwalimu. Kila mchana alimletea mkewe matunda aliyoyakata mwenyewe. Kobe alimuuliza kama Profesa anayapenda.

"Sijui," Mwalimu alisema. "Bakuli huwa linarudi limejaa."

Kobe alicheka kwa adabu, kisha akaona kwamba mwenzake hakuwa anatania.

*

Mtuhumiwa alikuwa msaidizi wa maabara, msichana aliyepewa jina la Wino kwa sababu koti lake jeupe lilijaa madoa ya zambarau. Kesho mchana alikuwa aitwe mbele ya kikao cha nidhamu. Kama mambo yangebaki yalivyo, angefukuzwa, na aliyefukuzwa kwa kuharibu utafiti hapati tena maabara nyingine ya kumpokea. Alikuwa amelia na kumaliza. Sasa alikuwa kwenye ile hatua ya kupanga kalamu mezani kwa urefu.

"Nieleze kama mtoto," Kobe alimwambia. "Mnaua bakteria. Halafu?"

"Hatuwaui, afande! Hapo ndipo kila mtu anapokosea." Akazitawanya kalamu. "Umewahi kukaa bweni?"

"Nimekaa."

"Mwanafunzi mmoja akiwa peke yake bwenini, anaweza kugoma?"

"Atamgomea nani? Atakula, atalala."

"Haya. Lijaze bweni. Kinong'ono kitapita kitanda hadi kitanda. Wakishajua wako wengi, kesho asubuhi sufuria za jikoni utazikuta juu ya paa."

Kobe alikumbuka sufuria fulani na paa fulani, akatazama pembeni.

"Bakteria ndivyo walivyo," Wino aliendelea. "Mmoja mmoja ni mpole. Lakini kila mmoja anatoa kemikali kidogo, ndiyo kinong'ono chake. Kemikali ikijaa, wanajua wametosha, wanaanza ukorofi. Wanatoa sumu. Wanajenga utando, ule utelezi unaoota ndani ya bomba la sinki. Sasa uote ndani ya mrija wa mkojo wa mgonjwa. Dawa haipenyi. Unawaua wa juu, wa ndani wanakucheka."

"Na Profesa anafanya nini?"

"Anawaziba masikio. Kuna mti ambao gome lake halioti utelezi hata mvua inyeshe mwezi mzima. Profesa aliuliza kwa nini. Watu wengine waliupita tu. Tukalitwanga gome, tukaliloweka kwenye spiriti, tukachuja, tukachuja tena. Miaka miwili kazi ni hiyo. Tukapata chupa moja ya maji ya gome. Ukiwawekea bakteria, wanaendelea kuishi, wanakula, wanazaana, ila hawasikilizani. Bweni limejaa na hakuna anayegoma."

Akatoa visahani viwili na kuviweka kwenye mwanga wa dirisha. Vyote vilikuwa vimetandwa rangi ya zambarau, kama kitambaa cha kanisani. Alieleza kwamba bakteria hawa wanatengeneza rangi hiyo pale tu wanaposikilizana, ndiyo maana wanatumika kwa majaribio. Kwenye kisahani cha kwanza, cha wiki iliyotangulia, tone la maji ya gome lilikuwa limeacha duara jeupe kama maziwa.

"Hapa wako hai. Wamenyamaza tu, rangi hawana."

Kwenye kisahani cha pili duara lilikuwa wazi kabisa. Kobe aliona kupitia humo mistari ya meza.

"Na hapa?"

"Hapa wamekufa wote. Chupa ni ileile, friji ni ileile. Niliweka tone Ijumaa, Jumamosi nikakuta makaburi. Mtu amemwaga maji yetu na kujaza kitu kingine." Akavisukuma visahani pembeni. "Na wa mwisho kuigusa ni mimi."

"Hukusikia harufu?"

"Nafungulia ndani ya kabati la kuvuta hewa, nimevaa barakoa. Hata ungeweka samaki aliyeoza nisingejua. Nilipoona vifo nikamwita Profesa, Profesa akamwita mkurugenzi, mkurugenzi akaifunga chupa kwa lakiri. Hakuna aliyeifungua tena."

"Funguo za friji ziko ngapi?"

"Tatu. Yangu, ya Daktari Tai, na ya Profesa. Ya Profesa inaning'inia msumarini ofisini kwake, karibu na dirisha."

Kobe alinyamaza. Wino akakijaza kimya kwa haraka: "Na yule mwanamume wanayesema nimeonekana naye getini, eti ni wa kampuni ya dawa, ni mchumba wa dada yangu. Anauza sabuni."

*

Aliyemwona mchumba huyo getini alikuwa Daktari Tai, mtafiti wa pili wa maabara, aliyevaa tai hata katika jengo lisilo na mtu wa kumwona. Alimpokea Kobe akiwa amesimama.

"Mimi simshutumu mtu, Inspekta. Nasema tu nilichokiona. Binti anazungumza na mtu wa kampuni. Siku chache baadaye dawa haipo. Wewe ndiye mpelelezi."

Kobe akamtazama kwa upole.

"Ni kweli tuligombana na Profesa," Daktari Tai alisema baada ya muda. "Suala la jina la nani litangulie kwenye makala. Lilikwisha."

Kobe akaendelea kutazama.

"Halijaisha sana," Daktari Tai alikiri na kulegeza tai.

"Nina swali moja," Kobe alisema. "Ungekuwa wewe ndiye mwizi wa dawa ile, chupa ungeijaza nini?"

"Spiriti, ileile tunayoyeyushia gome, na rangi kidogo. Tone dogo namna ile haliachi alama. Kisahani kingebaki cha zambarau chote, sote tungesema dawa imeisha nguvu, tungesikitika, tungeanza upya. Hakuna ambaye angeita polisi..." Akasita. Aligundua jinsi jibu lake lilivyotoka tayari tayari. "Sijawahi kulifikiria kabla ya leo."

"Naamini," Kobe alisema, na kwa kweli aliamini.

Alirudi kwa Wino na kumuuliza swali hilohilo. Wino alijibu kitu kilekile, bila rangi, kwa sababu alikuwa na haraka ya kulia tena.

Kobe alisimama katikati ya maabara na kuweka mikono mgongoni. Wote wawili wangejaza kitu kisichoua. Mtu aliyejua kazi ya humu ndani asingeweza kukosea hapo. Aliyejaza chupa alikuwa anaamini, kwa moyo wake wote, kwamba ndani ya chupa palikuwa na dawa ya kuua vijidudu, akatafuta dawa ya kuua vijidudu ili kazi iendelee. Mwizi haachi dawa mbadala. Huyu alikuwa anarudisha kitu.

"Nifungulie friji," alisema.

Mlangoni mwa friji palibandikwa tangazo: CHAKULA MARUFUKU, na chini yake fuvu lililochorwa na mtu mwenye kipaji na muda. Rafu ya juu ilikuwa imeota barafu nene. Kwenye barafu hiyo palikuwa na alama ya mviringo, iliyozama na kuganda upya, yenye kingo laini.

"Kuna chombo chenu kipana hivi?"

Wino alipima kwa viganja. "Hapana. Vyetu vyote vyembamba."

"Vikiingia humu vinakuwa na joto?"

"Haviruhusiwi. Vinapoozwa kwanza."

"Basi hiki kilitoka kwenye joto, kikayeyusha barafu mahali kilipokaa." Kobe alipitisha kidole pembeni mwa alama. Chini ya rafu, pale kitambaa cha aliyefuta hakikufika, palikuwa na mchirizi uliokauka, wa rangi ya kahawia. "Na chupa ilikuwa inakaa wapi?"

"Hapo hapo nyuma yake."

Walivunja lakiri mbele ya Daktari Tai, kama shahidi. Kobe alifungua chupa nje ya kabati la hewa, mahali ambapo pua ya mwanadamu inaruhusiwa kufanya kazi yake, akanusa. Mara moja akawa na umri wa miaka kumi na mbili, goti limechubuka, muuguzi wa shule akimwambia aache kelele, yeye si wa kwanza kuanguka. Wino naye akanusa, akashika mdomo.

"Dawa ya vidonda!"

"Lete maji."

Walitia matone machache kwenye glasi ya maji. Kimiminika cha kahawia kiligeuka cheupe papo hapo, kama kinavyogeuka kwenye beseni la kila nyumba. Daktari Tai, msomi wa miaka mingi, alisema "Ala!"

Kobe aliwaacha wakiitazama glasi na kutoka ukumbini.

*

Mwalimu alikuwa palepale. Kobe hakukaa kwanza. Alifungua sanduku la huduma ya kwanza juu ya kichwa cha mzee. Bandeji zilikuwa na vumbi, mkasi una vumbi, plasta zina vumbi. Chupa ya dawa ya vidonda haikuwa na vumbi, na haikuwa na dawa.

Alilifunga sanduku taratibu, akakaa. Walitazama ukuta wa mbele pamoja. Feni ilizunguka kwenye chumba fulani kisicho na mtu. Mbinu ya Kobe ilikuwa imekutana na mtu aliyeishi ndani ya kimya muda mrefu kuliko yeye. Walikaa na kukaa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake ni Kobe aliyeshindwa.

"Yule binti atafukuzwa kesho, Mwalimu," alisema.

"Binti gani?"

"Wino. Wanasema ndiye aliyeharibu dawa."

Mzee aligeuka. Uso wake ulikuwa umepoteza mpangilio. "Huyu anayeniamkia kila siku? Kwa nini sikuambiwa?"

"Hukuambiwa kwamba dawa imeharibika?"

"Sijaambiwa kitu. Nilijua kuna polisi kwa sababu nimekuona. Nyumbani anaingia, anavua viatu, anasema amechoka. Kweli anachoka." Alibana mfuko magotini. "Alhamisi jua lilikuwa kali. Alikuwa kwenye mkutano usioisha. Matunda yalianza kuchacha. Nikasema leo nitamwekea mahali pa baridi, labda yakiwa ya baridi atayala. Ufunguo naujua ulipo. Nikasukuma bakuli, kitu nyuma kikalala. Kifuniko hakikukazwa. Nikasikia kinatiririka."

"Ukafuta."

"Nikafuta. Nikatazama chupa, imebaki ya kujaza kijiko. Nikasema, Mungu wangu, miaka yote hii mke wangu anatafuta dawa ya kuua vijidudu, na mimi nimeimwaga kwa sababu ya papai." Alionyesha sanduku la ukutani bila kulitazama. "Ile pale nayo inaua vijidudu. Imeandikwa. Na rangi ni moja. Nilidhani nimemsaidia."

"Uliifutia nini?"

Mwalimu aliingiza mkono mfukoni na kutoa kitambaa kilichokunjwa vizuri mara nne. Kilikuwa cheupe zamani; sasa katikati kilikuwa kimelowa na kukauka rangi ya kahawia iliyoiva.

"Sikukifua," alisema. "Ningefua angeuliza. Na nilitaka aulize, unaelewa? Nimekuwa nakuja nacho kila siku. Nasema leo nitamwambia."

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi. Profesa alikuwa amesimama hapo, mwembamba, miwani juu ya nywele za mvi, na haikujulikana ameanza kusikiliza kutoka neno gani.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia saa ngapi?" mumewe alimjibu, bila hasira, kama mtu anayeuliza ratiba.

Profesa akakaribia, akakichukua kile kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga. Kobe aliona macho yake yakianza kupiga hesabu, kwani kazi ni kazi.

"Kifuniko nilikiacha wazi mimi," alisema polepole. "Nilikuwa nakimbilia mkutano. Nikamwacha yule mtoto alaumiwe kwa kosa langu." Kisha akapaza sauti: "Wino! Leta spiriti safi na visahani vipya. Na mkasi."

*

Asubuhi yake, kabla ya saa za kikao, walikusanyika dirishani. Kipande cha kitambaa kilikuwa kimelowekwa, kikachujwa, na tone lake likalala na bakteria usiku kucha. Wino alifungua kifuniko kwa vidole viwili, kama anayefungua barua ya matokeo.

Zambarau kila upande. Katikati, duara jeupe kama maziwa.

"Wako hai," Wino alisema, kisha akasema tena kwa sauti ambayo ilijaza ukumbi mzima mtupu: "Wako hai!" Akamkumbatia Daktari Tai kwa bahati mbaya, na Daktari Tai hakujua mikono yake aiweke wapi.

Profesa alikuwa ameshampigia mkurugenzi. Kikao kingekaa bado, ila anayekwenda kujieleza ni yeye, na mumewe alikuwa amevaa shati jingine la pasi ili amsindikize. Profesa alimsogezea mumewe kisahani.

"Tazama. Hii ndiyo kazi yangu."

Mwalimu alikishika kwa mikono miwili na kukiinua kwenye mwanga.

"Hawa hawajafa?"

"Hawajafa. Wamenyamaza tu. Kila mmoja anadhani yuko peke yake."

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Na wanalala pamoja hapa, wamebanana hivi?"

"Pamoja."

Mzee alikitazama kwa muda mrefu. Alikirudisha mezani kwa uangalifu, akatoa bakuli kwenye mfuko, akalifungua. Profesa akawaambia wengine watoke, maana chakula ni marufuku maabarani. Kisha akakumbuka kwamba marufuku inamhusu na yeye, akatoka na mumewe hadi kwenye benchi. Kobe alipowapita ukumbini, Profesa alikuwa anatafuna kipande cha papai na kueleza huku mdomo umejaa, akichora miduara hewani kwa uma, na Mwalimu alikuwa ameinamisha sikio.

Hawakumwona akipita. Hakutaka wamwone.

Gari lake lilikuwa limekaa peke yake kwenye uwanja wa kuegesha, limechomwa na jua. Aliingia, akafunga mlango. Ilikuwa kesi nzuri, safi, isiyo na pingu, na alihisi maneno yake yakimpanda kooni kwa mpangilio, kuanzia alama ya barafu mpaka kitambaa. Akageuka upande wa abiria kuanza kuyasema. Kwenye kiti palikuwa na koti lake.

Akawasha redio.

"Habari za asubuhi, msikilizaji," ilisema.

"Nzuri," Kobe alijibu, akaondoa gari.